Alianza na Kitabu cha Upelelezi cha 1868, Akaishia Kufungua Kesi ya Nyumbani Kwao

Jina lake kapuni. Ila kama umewahi kupanda gari ya kutoka Mtwara mjini kwenda Naliendele, inawezekana kabisa ulikaa naye siti moja. Ni dada wa miaka thelathini na kidogo, ana kibanda cha steshenari pembeni ya barabara, anatoa fotokopi na kuchapa barua za maombi ya kazi. Mchana anachapa maneno ya watu wengine. Usiku, wateja wakiisha, anaandika skripti.

Si mgeni kwenye hiyo kazi. Ameshaandika vichekesho vifupi vya YouTube na tamthilia moja ya redio. Kwa hiyo prodyuza mmoja wa Dar alipompigia simu, alishtuka kidogo tu.

"Sista, nataka kitu cha upelelezi," prodyuza alisema. "Episodi sita. Isiwe na magari ya kulipuka, hela hiyo hatuna. Nataka mwizi, siri, na watu wa kwenye nyumba moja wanaoangaliana kwa jicho baya."

Wazo lake la kwanza lilikuwa Bwana Msa. Waliosoma Kiswahili kwa moyo wanamjua: mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, na watu wengi wanasema Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes aliyezaliwa pwani yetu. Kutengeneza tamthilia ya Bwana Msa ingekuwa raha sana. Shida ni hakimiliki. Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Abdulla alifariki 1991. Bila ruhusa ya warithi, hugusi. Na prodyuza alikuwa anataka mswada ndani ya miezi mitatu.

Basi dada akaamua kutafuta kitabu cha zamani zaidi, ambacho mwenyewe hayupo na haki zimeshaisha. Akakutana na The Moonstone cha Wilkie Collins, Mwingereza aliyefariki 1889. Kipo mtandaoni bure. Akakipakua, akakisoma kwenye simu kwa wiki tatu, chaja ikiwa ukutani muda wote.

Kwa wasiokijua, hadithi iko hivi. Mwaka 1799 ofisa wa jeshi la Uingereza anaua watu vitani huko India na kuiba almasi takatifu. Miaka inapita, almasi inamwangukia binti anayeitwa Rachel, kama zawadi ya siku anayotimiza miaka 18. Usiku huohuo inaibiwa chumbani kwake. Wanashukiwa Wahindi watatu walioonekana karibu na nyumba. Anashukiwa mfanyakazi wa ndani, Rosanna, kwa sababu zamani aliwahi kuwa mwizi. Anakuja mpelelezi kutoka London, Sajini Cuff, mtu anayependa maua ya waridi kuliko anavyopenda watu. Na Rachel mwenyewe, mwenye mali, anagoma kabisa kuongea na polisi.

Collins alikitoa kwa vipande kila wiki kwenye gazeti la Charles Dickens, kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Yaani kilikuwa tamthilia kabla ya TV kuwepo. Kila wiki watu wanasubiri kipande kipya, kila kipande kinaishia pabaya. BBC wamekifanyia tamthilia mara nne: 1959, 1972, 1996 na 2016. Dada alipoona hivyo akasema moyoni, kama wao wamerudia mara nne, na sisi tunaweza mara moja.

Kuhamisha wahusika ilikuwa sehemu rahisi, tena ya kuchekesha. Sajini Cuff kwenye kitabu anabishana na mtunza bustani namna ya kubebesha waridi juu ya shina la waridi pori. Naliendele hiyo ni mada ya kila siku. Hapa ndipo kilipo kituo cha TARI, wataalamu wa korosho, na watoto wa hapa wanajua kubebesha mche kabla hawajajua kuendesha baiskeli. Kwa hiyo Cuff akawa mpelelezi mstaafu anayekuja kuchunguza wizi, lakini kila akifika shambani anasahau kesi na kuanza kugombana na watu kuhusu vikonyo. Bi Clack, yule mama wa dini anayegawa vikaratasi vya kuonya watu hata wasipotaka, akawa jirani anayekutumia meseji za maombi saa kumi alfajiri na chini yake kaandika "tuma kwa watu kumi".

Shida ilikuwa almasi. Naliendele nani ana almasi ya kuwekwa chumbani? Akajaribu dhahabu, ikaonekana ya kuigiza. Akajaribu hati ya shamba, ikawa kesi ya mahakama ya mwanzo. Alikuwa anatafuta kitu kidogo cha kubebeka, chenye thamani kwa wenyewe kuliko kwa pesa, ambacho kikiondoka nyumbani ukoo mzima unatetereka.

Akakumbuka lipiko.

Kama hujawahi kuona ngoma ya mapiko, ambayo wengine huku Umakondeni huiita midimu, kwa kifupi: ni kinyago cha kuvaa kichwani, kinachongwa kwa mti mwepesi, kinabandikwa nywele za mtu, za kweli kabisa. Mchezaji anafunikwa nguo mwili mzima na anaona njia kupitia mdomo wa kinyago. Kinatoka hasa wakati wa jando na unyago. Kwa mila, wanawake na watoto ambao hawajaenda jando wanaambiwa kwamba kile si mtu. Ni kitu kilichotoka kwa wafu. Mvulana akiingia jando ndo anaonyeshwa kwamba ndani yumo mtu.

Tena dada aligundua kwamba Tanzania ina kesi yake halisi ya aina hii, na wengi wetu hatuijui. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam ilivunjwa. Kati ya vitu vilivyoondoka, kimoja kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kinyago hicho kikanunuliwa Paris, kikaingia kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Kiitaliano akakitambua, akawaambia wazi kwamba hiki ni kile kilichoibwa Dar. Unadhani kilirudi mwaka gani? 2010. Kilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Mei, kwenye hafla iliyofanyika Paris.

Soma tena hizo tarehe. Mwizi hakujulikana haraka, sawa. Lakini kutoka siku ilipojulikana kwamba mali ni ya nani hadi siku iliporudi, ilipita miaka 20. Yule dada aliandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu kwenye daftari lake. Hakuandika maelezo yoyote pembeni.

Baada ya hapo kazi ikaanza kuwa ngumu, na mwanzoni alidhani ni ugumu wa ufundi tu.

Kitabu cha Collins kinasimuliwa na watu wengi, kila mmoja anaeleza alichokiona kwa macho yake na hapo anaishia. Ndiyo maana siri inadumu. Hakuna anayekudanganya, ila hakuna anayejua yote. Kamera haina adabu hiyo. Kamera ikiingia chumbani usiku wa wizi, inaona. Kwa hiyo mwandishi wa TV lazima aamue: usiku ule tukae upande wa nani?

Na jibu la kitabu, kama hujakisoma samahani, linauma. Rachel hakuhitaji mpelelezi. Alikuwa macho. Alimwona mwizi kwa macho yake akichukua almasi, na mwizi alikuwa Franklin, kijana anayempenda. Akanyamaza. Akawaacha polisi wapekue nyumba, akawaacha watumishi washukiwe, Rosanna akaishia kujitupa kwenye mchanga unaomeza watu kule ufukweni. Ilipita karibu mwaka mzima ndipo Rachel akafungua mdomo, tena baada ya kubanwa na Franklin mwenyewe.

Prodyuza aliposimuliwa hivyo alilalamika. "Mtazamaji atamchukia huyo binti. Mtu kaona, kwa nini asiseme tu? Episodi ya kwanza tungemaliza."

Dada akashindwa kujibu. Akakata simu akasema mtandao unasumbua. Haukuwa unasumbua.

Alikuwa na miaka kumi. Ilikuwa Julai, msimu wa jando, familia imekwenda kijijini kwa babu mzaa mama, upande wa Newala. Julai ni msimu wa salfa pia. Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga unaingia, na alfajiri wanaume wanabeba mabomba ya kupulizia yanayonguruma, hewa yote inakuwa ya njano. Babu ndiye alikuwa mtunzaji wa lipiko la ukoo. Siku chache kabla ya ngoma, lipiko halikuonekana.

Wazee walikagua sehemu lilipokuwa limehifadhiwa. Wakakuta unga wa salfa chini. Nani alikuwa anapuliza salfa wiki ile? Mjomba. Mdogo wake mama, kijana aliyekuwa ametoka Dar miezi miwili nyuma, alikokuwa anashinda na wauza vinyago. Nguo zake zote zilikuwa za njano. Hakuna aliyehangaika kutafuta zaidi. Mjomba aliapa, akalia, babu hakumtazama. Siku ya tatu akapanda lori, akaondoka. Babu alikufa bila kumwona tena.

Mtoto wa miaka kumi hakusema kitu. Usiku ule alikuwa ametoka nje kujisaidia, akamwona baba yake anapita nyuma ya nyumba na kiroba begani. Mdomo wa kiroba ulikuwa haujafungwa vizuri. Kwenye mbalamwezi aliona nywele.

Unajua mtoto anavyompenda baba yake. Na huyu alikuwa baba wa kumbeba mwanaye mabegani hadi mnadani. Mtoto alirudi ndani, akajifunika khanga, akajiambia kwamba labda ni mbuzi. Miaka ikaenda. Baba akafariki kwa ugonjwa. Mjomba akawa jina ambalo nyumbani halitajwi. Miaka 20 ikatimia bila mtu kuihesabu.

Kwa hiyo prodyuza alipouliza kwa nini Rachel asiseme tu, alikuwa anamuuliza mtu mwenye jibu.

Bado hakuwa ameamua kusema lolote. Alichofanya ni kuandika. Ukisoma mswada wa kwanza utaona alivyojificha. Binti wa kwenye hadithi alikuwa na miaka 18. Baba alikuwa mchumba. Mjomba alikuwa kijana wa kazi, kama Rosanna. Kila kitu kilifunikwa vizuri, kama mchezaji ndani ya nguo zake.

Halafu kuna jambo la nguo. Kwenye The Moonstone, usiku wa wizi mlango wa chumba cha Rachel ulikuwa na rangi mbichi. Mwizi alipopita, nguo yake ya kulalia ikafuta rangi. Ukiipata nguo, umempata mtu. Wazo hilo Collins alilipata kwenye kesi ya kweli ya 1860, ya nyumba ya Road Hill huko Uingereza, ambako mtoto wa miaka mitatu aliuawa na mpelelezi kutoka London akaielekeza kesi nzima kwenye nguo moja ya kulalia ya dada yake mkubwa iliyokuwa haionekani. Watu wakamcheka mpelelezi. Miaka mitano baadaye dada mtu akakiri.

Dada wa Naliendele akaibadilisha rangi ya mlango kuwa salfa. Kiroba kilichobeba kinyago kilikuwa kiroba cha salfa. Mchumba alikuwa amevaa shati jeupe la sherehe, hakuwa mtu wa shambani wiki ile. Episodi ya sita, shati jeupe lenye alama ya njano begani linapatikana, na kila mtu anaelewa. Alijivunia sana hiyo sini. Aliitoa kitabuni, akaibadilisha mwenyewe, hakuna aliyemsaidia.

Jambo la pili alilolitoa kitabuni lilikuwa dawa. Franklin wa Collins alichukua almasi bila kujua. Kuna mtu alimwekea kasumba kwenye kinywaji kwa siri, akatembea usingizini, na asubuhi hakukumbuka chochote. Mwizi halisi anageuka kuwa mtu mwingine, bwana mmoja wa michango na hisani, aliyepokea almasi mkononi mwa Franklin na kukaa nayo. Hivyo Franklin anasafishwa, Rachel anaolewa naye, watu wanafurahi. Dada akaweka gongo, ile ambayo huku tunaiita nipa, mahali pa kasumba. Mchumba alinyweshwa, hakujitambua, hana kosa.

Mswada ulivyotumwa Dar, prodyuza aliupenda isipokuwa kitu kimoja. Alitaka sini ya mwisho kinyago kivuliwe uwanjani, mbele ya watu wote, kamera ikiwa karibu kabisa, uso wa mtu utoke. "Hapo ndipo watu watapiga skrinishoti," alisema. "Hiyo ndo itatembea."

Dada alimwambia hilo haliwezekani. Akaulizwa kwani bado kuna siri gani, si video ziko kibao mtandaoni? Akajibu kwamba siri si kwamba wanawake hawajui. Wanajua. Mwanamke aliyeishi na mumewe miaka kumi anamjua hata kwa anavyotupa goti akicheza. Anashangilia, anakimbia na wenzake, anajifanya kaogopa. Adabu iko kwenye kutosema. Prodyuza akamwambia afikirie, kwa sababu bila sini hiyo hana uhakika na hela.

Ndipo akaamua kumsomea mama yake. Alitaka kujua kama mwanamke wa Kimakonde wa umri ule ataona amevuka mpaka. Jumapili jioni, ubarazani, sahani ya ming'oko katikati yao, akasoma episodi zote sita kutoka kwenye simu. Mama alicheka kwenye yule jirani wa meseji za maombi. Alicheka kwa mpelelezi na miche. Ilipofika sini ya shati akaacha kumenya.

"Nani alikuambia habari ya shati?"

"Hakuna, mama. Ipo kwenye kitabu. Kule ni nguo ya kulalia, mimi nimefanya shati."

Mama alikaa kimya muda mrefu. Bodaboda mbili zilipita barabarani.

"Shati halikufika asubuhi," alisema. "Nililifua mimi usiku uleule. Harufu ya salfa haitoki kwa sabuni moja, nilimaliza mche mzima."

Kumbe wote wawili. Mtoto alikuwa kajifunika khanga ndani, mama yuko nyuma ya nyumba na beseni, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayejua. Na walikaa nyumba moja na siri moja kwa miaka yote hiyo, wakipeana chumvi.

Dada akamwambia alichokiona. Kiroba, nywele, mbalamwezi. Hakulia. Aliuliza swali moja ambalo kumbe ndilo alilokuwa analikimbia tangu ukurasa wa kwanza: "Alikuwa amelewa, si ndiyo? Hakuwa anajua anachofanya."

Mama angeweza kusema ndiyo. Marehemu hawezi kubisha.

"Alikunywa," mama alisema. "Lakini nipa haikumtwika kiroba. Alijua anakwenda wapi na nani anamsubiri. Alikuwa na deni. Hela yenyewe haikumaliza siku mbili. Baba yako hakuwa mtu mbaya, mwanangu, nilimpenda na bado nampenda. Ila alimtazama mdogo wangu akiondoka na lile lori, na alikuwa mzima, hajanywa hata maji. Na mimi nilimtazama vilevile."

Ukifikiria vizuri, hapo ndipo kitabu cha Collins kilipoacha kumsaidia huyu dada. Ni kitabu kizuri, na hata leo ukikisoma huwezi kukiweka chini. Ila kilimpa Franklin kasumba ili mtu tunayempenda asiwe na hatia. Maisha hayatoi kasumba kwa kila mtu. Kuna watu wazuri waliofanya jambo baya wakiwa na akili zao timamu, na kuna watu waliowapenda ambao walifua shati.

Usiku ule dada alifuta sini ya nipa. Mchumba kwenye mswada mpya anachukua lipiko akiwa mzima, na hakuna bwana mwingine wa kusukumiwa. Mswada ukawa mkali zaidi. Binti naye akabadilika. Zamani alikuwa shahidi tu, sasa ana deni lake mwenyewe, kwa kijana wa kazi aliyefukuzwa mbele ya macho yake.

Sini ya mwisho nayo akaiandika upya. Ngoma inapigwa, lipiko linatoka, lakini kamera haliliangalii. Inaangalia wanawake. Sura moja baada ya nyingine, zikishangilia, zikijua. Dakika moja nzima bila neno. Ikifika kwa binti, yeye ndiye pekee ambaye hashangilii. Anageuka, anatoka uwanjani, anakwenda kumtafuta kijana aliyesingiziwa. Mswada unaishia hapo.

Prodyuza bado hajajibu. Amesema anausoma. Wanaojua kazi za Dar wanajua "nausoma" inaweza kuchukua hata mwaka. Dada anaendelea kutoa fotokopi.

Ila kuna simu moja ilipigwa. Namba ya mjomba ilipatikana kupitia kwa binamu, na mjomba alikuwa Mbagala Rangi Tatu, anaendesha bajaji, ana wajukuu wawili. Mama ndiye aliyepiga. Alishika simu kwa mikono miwili, akasema kwa Kimakonde kwamba ni yeye, dada yake. Kisha dada wa hadithi yetu akatoka nje, akaenda kukaa chini ya mkorosho mpaka aitwe. Alisikia sauti ya mama ikipanda, ikishuka, ikakatika, ikaanza tena. Bando la dakika lilikwisha, ikabidi ajiunge jingine.

Alipoitwa ndani alipewa simu. Alijiandaa kutukanwa. Alikuwa na haki ya kutukanwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwipwa." Sauti ilikuwa ya mzee, hakuitambua. Nyuma yake kulikuwa na honi za Mbagala. "Mama yako kaniambia. Babu yako alikufa anajua ni mimi. Hilo huwezi kulirudisha, na mama yako naye hawezi. Usinidanganye kwamba utaweza."

"Siwezi, mjomba."

"Sawa." Akanyamaza. Abiria mmoja alisikika akiuliza nauli ya kwenda Chamazi, mjomba akamwambia subiri. "Mama yako anasema umeandika tamthilia. Mimi humo ndani ni nani?"

"Wewe ndiye uliyesingiziwa."

Kimya tena. Halafu mjomba akacheka, kicheko kifupi kama cha mtu aliyekuwa amesahau namna ya kucheka na watu wa kwao.

"Basi watafute mtu mzuri wa kuniigiza," alisema. "Asiwe mfupi."

Amesema Julai atakuja, kama hela ya nauli itapatikana na kama mwili utakubali. Mama ameshaanza kutengeneza chumba. Lipiko lenyewe halijulikani liko wapi, Mtwara au Geneva, na pengine halitajulikana.

Swali linabaki kwa wewe unayesoma hapa. Kama ungekuwa yule mtoto wa miaka kumi, ungesema? Na sasa hivi, ukiwa mtu mzima, kuna mjomba gani unayemdai au anayekudai simu?